Kona ya Walimu: Kaa Nyuma Usome Mwenyewe

Wazazi na ndugu zetu, mwezi huu tunawaletea kosa letu wenyewe. Kuna mtoto wa nyuma tulikuwa tunamwita mvivu, kwani kila tukimwambia asome chati ya ukutani ananyamaza. Siku moja tukaenda kukaa palepale anapokaa. Kumbe hata sisi hatuoni kitu! Herufi zilikuwa ndogo, tena za rangi ya njano.

Tukaanza upya. Tulipasua gunia lililoisha unga, tukageuza upande wa ndani ulio mweupe. Kwanza tukapiga mistari kwa rula na penseli. Herufi tukazipa urefu wa sentimita 5, kwa maka peni nyeusi. Chati moja, somo moja tu, na pembeni tukaacha nafasi. Nyekundu na kijani hatuziweki pamoja, sababu wako watoto, hasa wavulana, wasiozitofautisha. Mwisho tukarudi nyuma kabisa, tukasoma wenyewe.

Yule mtoto akasoma mistari yote. Tulimwomba msamaha mbele ya wenzake.

Basi, gunia likiisha unga msilitupe. Mpeni mtoto alilete shuleni. Tuonane mwezi ujao.