Fleti za Ushirika: Mnunuzi Aanze na Daftari la Hesabu

Wako wananchi wengi mijini ambao, wakitaka kununua fleti katika jengo la ushirika, huanza kwa kugonga kuta. Hufungua bomba, huchungulia dirishani, huuliza kama jirani ana kelele, kisha hushuka chini kujadili bei. Hayo yote ni mema. Lakini mtu anaponunua fleti ya namna hiyo hanunui vyumba peke yake. Anajitwisha deni la jengo zima, na tangu siku hiyo anakabidhi sehemu ya mshahara wake kila mwezi kwa viongozi ambao pengine hajapata kuwaona. Viongozi hao na vitabu vyao ndivyo vinavyostahili kukaguliwa kwanza.

Katika ushirika kamili wa nyumba, jengo ni mali ya chama. Mwanachama hununua hisa, na hisa hizo humpa haki ya kukaa katika fleti fulani. Chama ndicho kilichokopa fedha za ujenzi na kuweka jengo rehani. Kwa hiyo mwanachama anayelipa ada yake kwa wakati, na jirani yake asiyelipa kwa miezi 18, wote wawili wamo katika chombo kimoja mbele ya mkopeshaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani, nchi ambayo ni ngome ya ubepari, lakini ambayo vyama vyake vya wafanyakazi viliwahi kujenga nyumba nyingi za ushirika. Katika eneo la Bronx, jijini New York, kuna mtaa uitwao Co-op City wenye fleti 15,372, nyingi zikiwa katika majumba marefu 35. Watu walianza kuhamia humo mwaka 1968. Masharti yalivutia mno. Mwanachama alinunua hisa 18 kwa kila chumba, kila hisa kwa dola 25, yaani dola 450 kwa chumba. Mfanyakazi aliyetaka fleti ya vyumba vinne alitoa dola 1,800 tu. Kila fleti ilikuwa na kura moja, iwe kubwa au ndogo. Nani angekataa?

Bei ya hisa haikupanda hata senti moja miaka yote ya ujenzi. Kilichopanda ni ada ya mwezi. Kijitabu walichopewa wanunuzi mwaka 1965 kilikadiria wastani wa dola 23.02 kwa chumba. Ilipofika Julai 1974 wastani ulikuwa dola 39.68. Familia ya vyumba vinne iliyotazamia kulipa dola 92 ilikuwa sasa inalipa karibu 159. Sababu haikuwa siri kwa mtu ambaye angeuliza: sehemu ndogo tu ya gharama ilitokana na hisa, na nyingine yote ilikuwa mkopo, ambao mwishowe ulizidi makadirio ya kijitabu kile kwa dola milioni 125.

Ingefaa pia kuuliza ni nani aliyejenga. Taasisi iliyoanzisha mradi ndiyo iliyounda kampuni ya kumiliki mtaa, na mkandarasi mkuu, ambaye pia alikuwa wakala wa kuuza hisa, alikuwa kampuni tanzu ya taasisi hiyo hiyo. Mkataba wa ujenzi ulibadilishwa mara kadhaa ili kuruhusu gharama kupanda. Si haki kuwaita waasisi wale wezi. Walikuwa wanaushirika waliotokana na harakati za wafanyakazi, na bei za vitu zilipanda kwa kila mtu katika miaka ile. Hata hivyo, mtu anayekaa pande zote mbili za meza hawezi kujidai sana juu ya bei.

Wakazi 57 walikwenda mahakamani. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hisa zile hazikuwa hisa kwa maana ya sheria za masoko ya mitaji, kwa kuwa wanunuzi walitafuta mahali pa kuishi, si faida. Kinga waliyoitumaini haikuwapo. Mwaka huo huo wakazi waligoma kulipa ada, na mgomo wao ukadumu miezi 13, hadi walipopata uongozi wa mtaa wao mwaka 1976. Yaani udhibiti ambao mwanaushirika anapaswa kuwa nao tangu siku ya kwanza, wao waliupata kwa mgomo.

Wala vitabu vya jengo havizungumzii fedha pekee. Katika mji wa Surfside, jimbo la Florida, ghorofa moja lilianguka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Tangu 2018 ripoti ya mhandisi ilikuwa imeonyesha uharibifu mkubwa wa zege, na matengenezo yalikadiriwa kuzidi dola milioni 9. Wenye fleti walibishana kwa muda mrefu juu ya michango. Aliyenunua humo katika miaka ile angeweza kusifu bahari kutoka barazani, ilhali habari iliyomhusu zaidi ilikuwa katika makabrasha ya mikutano.

Jengo lile halikuwa la ushirika kisheria. Kila mtu alimiliki fleti yake, na sehemu za pamoja zikawa za wote. Huo ndio mfumo uliowekwa Tanzania na Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, kwa hiyo jambo hili si la Wamarekani tu. Lifti, pampu ya maji, paa na shimo la maji machafu havina mwenyewe mmoja. Wapo wanaohesabu hilo kuwa raha, mpaka lifti ikwame.

Mnunuzi, basi, adai hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Atazame ni fleti ngapi zina malimbikizo ya ada, na kama kuna akiba ya matengenezo au michango huitishwa pale tu kitu kinapoharibika. Kwa Msajili wa Hati aulize kama hati imewekwa rehani, na miaka mingapi imesalia katika miliki ya ardhi. Ada ndogo kuliko ya majengo ya jirani isimfurahishe upesi. Mara nyingi maana yake ni kwamba paa linangoja. Wakulima wa Tanzania wanayajua haya kwa uchungu: vyama vyao vikuu vilivunjwa mwaka 1976 baada ya malalamiko mengi juu ya uendeshaji, na viliporudishwa kwa sheria ya 1982 liliundwa pia shirika la kukagua hesabu za ushirika.

Asome na mihtasari ya mikutano, maana humo ndimo ugomvi wa jengo ulimo. Muuzaji akidai kwamba daftari liko kwa mweka hazina, na mweka hazina yuko safarini, mnunuzi amngoje arudi kabla ya kutoa hata arubuni.