Kutangulia Si Kufika

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo marafiki wengi hulikwepa wanapopanga safari ya mbali. Huulizana nani atatangulia, nani anaijua njia, nani ana chombo imara. Hawaulizani nani atakuwa wa mwisho, wala nani atamngoja. Swali hilo twaona haya kulitamka, kwa kuwa hakuna apendaye kutajwa kuwa mnyonge wa kundi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ndilo swali la kwanza linalofaa kuulizwa, na safari isiyolijibu ni heri isianze.

Ili tulitafakari vema, natualika tutazame mbali, katika nyika za ndani za Australia. Huko marafiki huenda kwa pikipiki siku nyingi katika barabara za udongo zisizo na watu. Mojawapo ya njia hizo hutoka Marree, katika jimbo la Australia Kusini, hadi Birdsville, katika jimbo la Queensland: kilomita 517 kati ya majangwa. Ilianza katika karne ya 19 kama njia ya wachungaji waliopeleka ng’ombe kwenye reli. Mahali pa kununua mafuta katikati ni pamoja tu, Mungerannie, yapata kilomita 200 kutoka Marree. Kutoka hapo zimebaki zaidi ya kilomita 300. Mawe makali hutoboa matairi, vumbi laini kama unga hufunika mashimo, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40.

Anayewaza safari hiyo kutoka mbali hudhani kwamba marafiki huenda bega kwa bega wakifurahia mandhari. Sivyo. Pikipiki ya mbele huinua wingu la vumbi, na anayeifuata kwa karibu haoni kitu. Yawapasa basi kuachana, pengine kwa kilomita nzima. Kila mmoja huwa peke yake kwa saa nyingi, asimwone mwenzake wala kusikia mlio wa mashine yake. Hapo ndipo urafiki hupimwa, kwa maana ni rahisi kumkumbuka mtu unayemwona.

Kwa sababu hiyo, makundi yenye hekima hufuata kanuni moja ya kale na nyepesi. Watu wawili hawabadilishi nafasi zao: kiongozi aliye mbele na mlinzi aliye nyuma kabisa. Kiongozi akifika penye njia panda humwonyesha kwa mkono yule anayemfuata. Huyo husimama mahali panapoonekana na kungoja. Wenzake wote hupita mbele yake, naye haondoki hata jua likiwaka namna gani, mpaka amwone mlinzi wa nyuma. Ndipo huwasha pikipiki yake na kuingia tena safarini, safari hii karibu na mkia. Kwenye njia panda ya pili atasimama mwingine. Pale ambapo njia panda ni chache, hupatana tangu asubuhi wasimame kila baada ya umbali fulani na kuhesabiana.

Tuone vizuri maana ya kanuni hiyo. Aliyekuwa wa pili anakuwa karibu wa mwisho, wala hakuna anayemhesabu kuwa ameshindwa. Kungoja si adhabu wala fadhili ya mtu mwenye moyo mwema. Ni kazi ya zamu, inayomfikia kila mmoja. Na kama wa mwisho hatokei, anayengoja haendelei. Wa mbele wanapoona kwamba aliyepaswa kurudi nyuma yao hajarudi, husimama nao, kisha hugeuka. Hivyo anguko la mtu mmoja husimamisha msafara wote, ijapokuwa hakuna aliyepiga kelele.

Wako watakaosema kwamba kanuni hii huwaonea wenye nguvu. Kwa nini mwendeshaji hodari apoteze saa nzima juani kwa ajili ya asiyejua kuendesha mchangani? Hoja hii yastahili jibu, kwa sababu wengi huishika mioyoni ijapokuwa hawaitamki. Jibu langu ni kwamba waendeshaji wengi huanguka kwa hofu ya kuachwa zaidi kuliko kwa uzembe wao. Mtu akiona vumbi la wenzake likipungua mbele yake huongeza mwendo kupita uwezo wake, naye huangukia kwenye shimo ambalo angeliona kama angekuwa mtulivu. Lakini ajuaye kwa hakika kwamba kuna mtu anayemngoja kwenye njia panda huenda kwa mwendo wake mwenyewe. Yule hodari anayelalamika kwa saa moja ya kungoja na afikirie siku nzima ya kumtafuta aliyevunjika mguu.

Wengine watasema kwamba siku hizi kuna vifaa vidogo vya kuomba msaada kwa njia ya setelaiti, kwa hiyo hata mtu peke yake aweza kwenda salama. Vifaa hivyo ni vyema, na asafiriye huko bila kimoja ni mjinga. Lakini kifaa huita watu wasiokujua, nao huja kutoka mbali. Pikipiki yenye mizigo hupita kilo 200. Ikikulalia mguu, wa kuinyanyua ni mwenzako aliyeona kwamba umekawia. Kifaa hakioni kwamba umekawia, hungoja ukibonyeze.

Watu wa nyika hiyo walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mnamo Desemba 1963, familia moja ya watu watano ilikwama katika njia hiyo ya Birdsville. Waliliacha gari lao wakaenda kwa miguu kutafuta maji, na kiu ikawaua wote. Hakukuwa na mtu njiani aliyekuwa akihesabu saa zao. Tayari mwaka 1928 mchungaji wa Kipresbiteri John Flynn alikuwa ameanzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, kituo cha kwanza kikiwa Cloncurry, Queensland. Mwaka uliofuata Alfred Traeger akatengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali, ili mashamba ya mbali yaweze kuwaita. Watu hao walielewa kwamba huruma isiyopangwa mapema huchelewa kufika. Mwenye kiu hafaidiki na machozi ya wenzake wanaogundua jioni kwamba hayupo.

Nasi tunaosoma ukurasa huu twaijua pikipiki, ingawa kwetu ni chombo cha riziki zaidi ya burudani. Twawajua vijana wanaobeba watu na mizigo katika barabara za matope, na twajua furaha ya anayefika wa kwanza. Wazee walisema kwamba kutangulia si kufika. Mimi naongeza kwamba kufika peke yako, hali mwenzako amebaki njiani, ni kufika nusu. Na aliyekuacha nyuma hawezi kujitetea akisema kwamba hakuona. Vumbi aliliinua yeye.

Basi, ndugu msomaji, siku rafiki zako watakapokualika katika safari ndefu, usiulize kwanza nani anaongoza. Uliza nani yuko nyuma, na nani atasimama kwenye njia panda. Wakishindwa kujibu, jitolee wewe kusimama pale pa kwanza. Zima mashine, kaa panapoonekana, waache wote wapite. Hutapata sifa ya aliyetangulia, na vumbi la wote utalila. Lakini atatokea mtu mmoja, amechoka, hana hakika kama bado yu katika njia iliyo sawa, naye atakapokuona hatahitaji kuuliza.