Usinunue jina, tafuta daktari wa meno

Zamani aliyepelekwa kunyooshwa meno alikuwa mtoto wa shule, na kilichotumika kilikuwa nyaya za chuma. Siku hizi mambo yamegeuka. Watu wazima wenye kazi zao, na hata wengine wenye wajukuu, wanafika kwa daktari wa meno kuulizia vifuniko vya plastiki angavu ambavyo huvaliwa juu ya meno bila mtu kutambua. Hilo si jambo la kuchekwa. Meno yaliyopandana ni magumu kusafisha, na mtu anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka ana haki ya kutafuta msaada.

Hata hivyo, wengi huanza kwa kuuliza ni kampuni gani iliyo bora. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali linalofaa kuulizwa mwisho.

Elewa kwanza jinsi kazi hii inavyofanyika. Jino halikukwama katika taya kama msumari ndani ya saruji. Kati ya mzizi wa jino na mfupa mna nyuzi laini. Jino linaposukumwa polepole, mfupa ulio upande linakoelekea hupungua, na upande linakotoka mfupa mpya hujengeka. Haya hutokea kwa kijana na kwa mtu wa makamo, ndiyo maana umri peke yake si kizuizi. Kila kifuniko husogeza jino kwa kiasi cha robo milimita hivi, kisha baada ya wiki moja au mbili unavaa kinachofuata. Safari yote huweza kuchukua miezi kadhaa, au mwaka na zaidi. Anayekuahidi miujiza ya haraka anacheza na mizizi ya meno yako.

Jina linalojulikana zaidi ni Invisalign, la kampuni ya Align Technology iliyoanzishwa California mwaka wa 1997. Hataza zake za mwanzo zilipoanza kuisha mwaka wa 2017, washindani waliongezeka. Leo utasikia pia majina kama ClearCorrect, Spark na Angel. Msingi wa kazi yao ni mmoja: mdomo hupigwa picha, kompyuta huchora mpango wa kusogeza meno, kisha vifuniko hutengenezwa kwa mfululizo. Tofauti zipo katika aina ya plastiki, katika ukingo wa kifuniko kufuata ufizi au kuupita, katika idadi ya marekebisho unayopewa bila malipo ya ziada, na katika bei.

Tofauti hizo ni ndogo zikilinganishwa na tofauti iliyopo kati ya daktari aliyebobea na yule asiyejua afanyalo. Kompyuta hupendekeza tu. Anayepaswa kuukagua mpango huo na kuurekebisha, tena kuukataa ukiwa mbovu, ni daktari. Yeye ndiye ajuaye kwamba meno ya chonge, kwa umbo lake la mviringo, ni magumu kuzungushwa kwa plastiki. Kwamba kulivuta jino litoke zaidi ni kazi ngumu. Na kwamba pengo kubwa la jino lililong'olewa mara nyingi huzibwa vyema zaidi kwa nyaya. Mara nyingine atakubandika vinundu vidogo vya rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika. Daktari mwaminifu hataogopa kukuambia kuwa vifuniko havikufai.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wenye pesa. Vifuniko vya kliniki huweza kugharimu laki kadhaa za shilingi, na kwenye intaneti kuna vya bei nafuu vinavyoletwa hadi mlangoni: unajichukulia mwenyewe alama za meno nyumbani, unatuma, unasubiri kifurushi. Hoja ya bei ni ya kweli. Lakini tazameni yaliyotokea Marekani. Kampuni ya SmileDirectClub, iliyoanza mwaka wa 2014 kwa kuuza vifuniko kwa njia hiyo, ilitangaza kufilisika Septemba 2023 na kufunga kazi Desemba mwaka huo huo. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu waliachwa bila wa kuwahudumia, na waliokuwa wakilipa kwa awamu waliambiwa waendelee kulipa. Oktoba 2024, vifuniko vya Byte, vilivyouzwa kwa njia kama hiyo, vikasimamishwa kuuzwa. Rahisi ikageuka ghali.

Kufilisika si ubaya pekee. Alama za meno hazionyeshi mfupa. Mtu mzima aweza kuwa na ugonjwa wa fizi ulioula mfupa kimyakimya, na meno ya namna hiyo yakisukumwa hulegea na hata kung'oka. Ni eksirei na uchunguzi wa fizi ndivyo hufichua hali hiyo, na fizi hutibiwa kwanza. Hatari zaidi ni wale wanaofunga mipira midogo kwenye meno ya mbele ili kuziba mwanya. Mpira huo huteleza ukaingia chini ya ufizi, ukapanda kuelekea kwenye mzizi na kuharibu mfupa. Wapo waliopoteza meno mazima kwa hila hiyo ya bei ya bure.

Na kuhusu mwanya wenyewe, fikiri mara mbili. Kwetu mwanya ni urembo uliosifiwa tangu jadi, wala si ugonjwa. Ukiamua kuuziba, ujue kwamba una tabia ya kurudi.

Wasomaji waliokulia Bonde la Ufa, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi kupita kiasi, wajue pia kwamba vifuniko hunyoosha meno lakini haviondoi rangi ya kahawia. Isitoshe, vinundu huweza kushika kwa shida kwenye meno ya aina hiyo. Mwambie daktari mapema.

Jipime nawe pia. Vifuniko huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Huvitoa wakati wa kula, na wakati wa chai pia, kwa kuwa joto hupinda plastiki nayo sukari hunaswa juu ya meno. Kisha unapiga mswaki kabla ya kuvirudisha. Ikiwa siku yako ni ya chai ya saa nne, karanga garini na vikao vya jioni, huenda nyaya zisizotoka zikakufaa kuliko plastiki utakayoisahau mfukoni.

Basi kabla ya kulipa, uliza haya. Kwanza, je, daktari huyu ana leseni ya mwaka huu kutoka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na amesomea kunyoosha meno? Pili, atanipiga eksirei na kukagua fizi zangu? Tatu, bei hii inajumuisha marekebisho na vifaa vya kushikilia meno baada ya kazi kuisha? Meno hutaka kurudi yalikotoka, hivyo vifaa hivyo huvaliwa usiku kwa miaka mingi. Nne, nitamwona daktari mara ngapi, na kampuni ikifungwa nani atanimalizia kazi? Majibu ya bei yaandikwe kwenye karatasi, nayo kliniki isiyotaka kuandika haistahili pesa zako.

Ukipata majibu ya kuridhisha, jina lililo kwenye kasha la plastiki halitakusumbua sana. Na kama fedha hazitoshi, ni heri nyaya za chuma mikononi mwa daktari kuliko plastiki ya posta isiyo na mwenyewe.