Ametulia, Lakini Je, Amepona?

"Siku hizi ametulia." Ndivyo tunavyojibu tukiulizwa hali ya ndugu yetu mwenye skizofrenia. Hapigi kelele, hatukani wapita njia, hajibizani na sauti tusizozisikia sisi. Basi, kazi imekwisha!

Nasema huko ni kujidanganya. Tangu klopromazini ianze kutumika Paris mwaka 1952, dawa zimewarudisha wengi nyumbani, na asiache mtu dawa kwa maneno yangu. Lakini akili ikirudi, humwonyesha mgonjwa yote aliyopoteza: kazi, mchumba, heshima. Hapo sonona hupata njia. Anayeshinda barazani bila kusema neno huenda amelegezwa na dawa, huenda ni ugonjwa wenyewe, huenda amekata tamaa ya kuishi. Kwa macho yetu yote matatu ni mamoja. Wataalamu wa Calgary, Kanada, walitoa mwaka 1990 kipimo cha sonona kwa wagonjwa hawa. Kina vipengele 9, na 8 kati yake hujibiwa na mgonjwa mwenyewe. Sisi tunamuuliza mama yake!

Na tusidhani ni jambo dogo. Hukadiriwa kwamba wagonjwa 5 hivi katika kila 100 hufa kwa kujiua.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Muulizeni analalaje, anatumaini nini, anataka kazi gani. Asiyeulizwa hayo hatujamponya. Tumemnyamazisha tu, ili tulale sisi.