MASHAURI KWA WAKULIMA: NYUKI KATIKA SHAMBA DOGO

Katika vilima vya Kisii na Nyamira mashamba yamegawanywa tangu baba hata mwana, na nyumba zimekaribiana. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la wakulima wanaotaka kufuga nyuki si juu ya asali, bali ni juu ya jirani.

Je, yafaa kufuga nyuki mahali penye watu wengi? Yafaa, lakini kwa masharti. Nyuki wa nchi hii huwa wakali sana wakichokozwa, na ng'ombe aliyefungwa kamba karibu na mzinga aweza kuuawa, maana hawezi kukimbia. Basi mzinga usiwekwe kando ya njia, wala ya kisima, wala ya malisho. Uwekwe pembe ya mbali ya shamba, nao uzungushiwe ua wa miti unaopita kimo cha mtu, kusudi nyuki waruke juu ya vichwa vya wapitao. Jirani aarifiwe kabla. Mwenye shamba lililobanwa na nyumba pande zote, heri asifuge nyuki nyumbani, bali aungane na wenziwe waweke mizinga yao pamoja mahali palipo mbali na watu.

Ni mzinga gani ulio bora? Mzinga wa gogo ni rahisi kupatikana, ila masega hushikamana na gogo, na mara nyingi huharibika wakati wa kurina. Katika miaka ya 1970 ilienezwa katika Kenya mizinga ya sanduku, ambayo juu yake hupangwa vipande vya mbao vyenye upana wa milimita 32. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kipande. Hivyo mfugaji huinua moja, akalitazama, akalirudisha bila kuvunja mengine.

Asali irinwe lini? Irinwe jioni, kwa moshi kidogo, na mavazi yanayofunika mwili wote. Yakatwe masega yaliyofunikwa kwa nta tu. Asali yenye maji kupita asilimia 20 yaweza kuchacha. Masega yenye majana yaachwe, na asali nyingine ibaki iwe akiba ya nyuki siku za mvua nyingi. Mtu akichomwa, mwiba ukwanguliwe upesi, kwa maana harufu yake huwaita nyuki wengine.

Mbona nyuki huhama? Huhama kwa njaa, kwa siafu, au kwa kusumbuliwa mara kwa mara. Mzinga utundikwe kwa waya zilizopakwa grisi, na majani yasiuguse. Majani chai hayatoi chakula kingi, kwa kuwa huchumwa kabla mti haujachanua. Lakini kahawa, parachichi na mikaratusi huwafaa sana. Nao nyuki humlipa mkulima, kwani wanapotembelea maua ya mparachichi husaidia matunda kushika. Dawa ya wadudu isinyunyizwe maua yakiwa yamechanua.

Je, asali yafaa kwa kila mtu? Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe kamwe, hata kidogo, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru.

Anayeanza na aanze kwa mzinga mmoja au miwili, azijue tabia za nyuki wake kwa mwaka mzima, kisha aongeze. Asali ya msimu mmoja haitoshi kulipa ng'ombe wa jirani.