Paka ni mgeni, jembe lisubiri

Wiki hii tuwaache kidogo wapenzi na vituko vyao, tuongee habari za nyau. Ndiyo, paka! Usicheke. Najua mliopanga Sinza, Manzese, Tandika mpaka Mbagala mnanipata vizuri, maana huko panya wamekuwa wapangaji wenzetu, tena wale wasiolipa hata bili ya umeme.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa binadamu sawa. Lakini sisi watu wa mjini paka hatumpi hata hizo siku mbili. Analetwa jioni ndani ya kiroba, saa mbili usiku keshafungiwa stoo: haya, kamata panya! Asubuhi dirisha liko wazi, paka hayupo, panya wapo wanakula unga kwa raha zao. Halafu mtu anasimama kijiweni anatangaza kwamba paka wa siku hizi wavivu. Jamani, mgeni hajakaribishwa, mnamdai kazi?

Tuanze na kumwelewa. Paka ni mnyama wa eneo. Nyumba anaijua kwa pua kabla ya macho. Ukimwona anasugua mashavu kwenye mguu wa meza, usidhani anawashwa. Kwenye mashavu yake kuna tezi zinazoacha harufu yake, na harufu hiyo ndiyo inayomwambia kuwa hapa ni kwetu. Sasa umtoe Temeke umpeleke Kimara, harufu zote anazozijua zimefutika. Ni sawa na wewe ulale kwenu Buguruni, uamke Kigoma, huna simu wala nauli. Ungecheza muziki? Ungetafuta kona ujibanze. Na yeye ndivyo anavyofanya. Kujificha kwake si kukukataa, anasoma mazingira tu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: chumba kimoja. Mgeni wako usimwachie nyumba nzima, wala usimwachie mtaa. Funga madirisha, ziba upenyo wa darini, muwekee maji, chakula, choo chake na mahali pa kujificha. Boksi la sabuni lililotobolewa mlango linatosha, wala hudaiwi kitanda cha sita kwa sita.

Mimi wangu anaitwa Chausiku, maana ni mweusi tii. Nilimpata kwa mama lishe mmoja ambaye paka wake alizaa nyuma ya jiko. Nilisubiri afikishe miezi miwili, kwa sababu mtoto wa paka akitengwa na mama yake kabla ya hapo anakosa maziwa na anakosa pia adabu, maana kung'ata kwa kiasi anafundishwa na mama na ndugu zake. Siku ya kumchukua nilikwenda na tenga la kuku na kanga ya kulifunika. Nikaomba pia kile kitambaa walichokuwa wanalalia.

"Kaka, paka unamchukua na shuka lake?" mama lishe akashangaa.

Nikamwambia, "Dada, hiyo ndiyo barua yake ya utambulisho." Harufu ya kwao ikiwemo ndani ya chumba kipya, hofu inapungua nusu.

Basi siku tatu nzima Chausiku alikaa uvunguni. Mama mwenye nyumba akawa ananihoji kila asubuhi.

"Mwanangu, huyo paka yuko wapi?"

"Yuko uvunguni, mama."

"Anafanya nini huko?"

"Anapumzika, mama. Kachoka na safari."

"Safari gani? Ya Temeke?"

Nikanyamaza. Ukubwa dawa. Sikumvuta mkia, sikumpiga na fagio atoke. Nilikuwa nakaa sakafuni nasoma gazeti, namwacha. Usiku wa nne akatoka mwenyewe, akanusa kidole changu cha mguu, akarudi. Wa tano akala nikiwa ninamtazama. Wiki ya pili keshakuwa bosi, analala juu ya mto wangu.

Na hapa nawapa siri moja. Ukitaka kumtongoza paka, usimkodolee macho. Kwa paka, kukodolewa ni kutafutwa ugomvi. Mwangalie, kisha fumba macho taratibu, fumbua taratibu. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth huko Uingereza walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba paka hurudishia ishara hiyo, na huwa wepesi zaidi kumsogelea mtu aliyewafanyia hivyo. Ujaribu leo. Usijaribu kwa mke wa jirani, hapo mimi simo.

Tuje kwenye choo. Si lazima ununue ule mchanga wa dukani. Beseni la plastiki lenye mchanga, au maranda ya mbao kutoka kwa seremala, kazi imekwisha. Usiliweke karibu na chakula, maana paka ana staha kuliko baadhi ya wanaume ninaowafahamu. Uchafu utolewe kila siku. Siyo suala la harufu tu. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, ambavyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo huhitaji kati ya siku moja na tano baada ya kutoka ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo anayesafisha kila siku ameziba njia kubwa. Kama nyumbani kuna mjamzito, kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine. Na akina shemeji mnaoambiwa mtupe paka mara mkibeba mimba, jueni kwamba vijidudu hivyohivyo vinapatikana kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Mishikaki yenye damu hamjaitupa!

Chakula nacho kina vituko vyake. Kuna wanaosema paka akishiba hawindi, kwa hiyo wanamnyima. Si kweli. Hamu ya kuwinda na njaa ni vitu viwili mbalimbali, na mwenye njaa kali anakwenda kuiba kwenye sufuria ya jirani kabla ya kumfukuza panya. Ukimpa ugali mtupu nao unamuua polepole. Paka anahitaji nyama au samaki, kwa sababu humo mna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho mwili wake hauwezi kutengeneza cha kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unadhoofika. Utumbo wa kuku uliochemshwa, vichwa vya dagaa, samaki aliyetolewa miba, vyote hivyo havimalizi mshahara. Maziwa yaache. Paka wengi wakishakua hawawezi kuyasaga vizuri, utaishia kufua mashuka. Mchuzi wenye vitunguu, iwe vitunguu maji au saumu, ni sumu kwake. Na nawaomba kwa mikono miwili: paka akichechemea au akipata homa, msimpe Panadol. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Sasa kasheshe lenyewe. Wiki ya pili hiyohiyo, akapita yule jamaa na spika yake begani: sumu ya panya, mende, kunguni! Mama mwenye nyumba akatoka mbio na pochi. Nami nikatoka mbio nyuma yake, kijora cha kuogea kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe unataka?"

"Hapana, mama. Nakuomba usinunue."

Akaniangalia kama nimemtukana. Nikamweleza. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya akila leo hafi leo, anazunguka siku kadhaa akiwa legelege, anayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Huyo ndiye panya rahisi kuliko wote kwa paka. Paka akimla, sumu nayo imehamia kwake, naye anavujia damu kwa ndani huku ninyi mnasema amelogwa. Na hapo hatujasema kitu kuhusu watoto wanaotambaa uani na kutia kila kitu mdomoni.

"Sasa panya nani atawaua?" akauliza. "Huyo mgonjwa wako wa uvunguni?"

Lilikuwa swali la haki, na nikamjibu kwa haki. Paka peke yake hamalizi panya. Wale wadogo atawakamata, wakubwa watajifunza kumkwepa, lakini panyabuku mwenye kilo yake hata paka shume anampisha. Tukakubaliana hivi: ile hela ya sumu mama aiongezee kidogo, mimi nichangie, tununue saruji. Tukaziba matundu ya ukutani, tukasokomeza stilwaya penye mabomba, unga ukaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, na jalala la uani likaanza kutolewa kila jioni badala ya kila tukikumbuka. Chausiku akapewa jembe lake wiki ya nne, akiwa ameshaijua nyumba kona zote. Panya wadogo amekamata, na mmoja alimwachia mama mlangoni kama zawadi. Wakubwa hawakufa. Walikosa chakula na mlango, wakahama. Siku hizi mama akininyooshea kidole ananiuliza, "Mpangaji mwenzako keshakula?"

Palikuwa na jirani mmoja aliyeguna: paka mweusi, usiku macho yanawaka, huyo atakuwa wa kawaida kweli? Jamani, macho ya paka hayawaki. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana anaona gizani kuliko sisi. Zima taa zote kabisa uone kama yatawaka. Paka wangapi wamepigwa mawe mitaani kwa kosa la kuwa na macho mazuri?

Jambo la kuogopa kweli lipo, ila si uchawi. Ni kichaa cha mbwa. Jina limetudanganya, tukadhani ni cha mbwa tu. Paka anaugua pia na anaambukiza pia, kwa kung'ata. Akifikisha miezi mitatu mpeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe, kisha fuata tarehe za kurudia atakazokuandikia. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huwa kuna kampeni za chanjo, kwa hiyo muulize afisa mifugo wa kata yako. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, usisubiri uone. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumrudisha mtu.

Halafu kuna uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, anabeba kama miezi miwili, na kwa mwaka anazaa zaidi ya mara moja. Piga hesabu. Ndiyo maana kila soko la samaki mjini lina vitoto vya paka vilivyotupwa usiku ndani ya maboksi. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi jike na kumhasi dume. Dume aliyehasiwa anapunguza kupigana na kuzurura, nanyi mnalala usingizi.

Mwisho, ndugu zangu wapangaji, nasema hili bila utani. Paka anayetunzwa vizuri anaishi miaka 15 na zaidi. Katika muda huo wewe utakuwa umebadilisha nyumba mara ngapi? Nimeona kirikuu imepakia godoro, jiko la gesi, runinga, mpaka ndoo ya kudekia, na paka kaachwa juu ya ukuta anatazama. Mpangaji mpya anamfukuza, jirani anamwagia maji. Wahenga haohao wa jembe walisema pia kwamba paka wa nyumba haingwa. Ukihama, tenga lile lile, kanga ile ile. Na ukifika, mfungie tena chumba kimoja wiki mbili tatu, maana huko amekuwa mgeni upya. Kama hilo huliwezi, usimchukue. Nunua mfuniko wa ndoo.

Haya, nauli imeniishia. Mola akitujalia tukutane wiki ijayo hapahapa. Alamsiki!