Tusiziite gesi zote kwa jina moja

Muhula uliopita rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Fizikia, alinialika shuleni kwake niwe miongoni mwa waamuzi katika maonyesho ya sayansi. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu wa isimu, na kwamba umeme naujua kwa kuwasha na kuzima tu. Akanijibu kuwa waamuzi wa sayansi hawakukosekana. Mimi alinitaka nipime ufasaha wa wanafunzi katika kueleza kazi zao. Nikaenda, wala sijuti.

Meza iliyonivuta ilikuwa ya wasichana wawili wa kidato cha tatu waliounda kigunduzi cha methani. Shule hiyo ina mtambo wa bayogesi unaolishwa kinyesi cha ng'ombe, na gesi yake hupelekwa jikoni kwa bomba. Hoja yao ilikuwa nzito: bomba likivuja usiku, mpishi ajaye alfajiri na kiberiti mkononi atajuaje? Ndani ya kihisi, walieleza, mna chembe ya oksidi ya bati inayopashwa moto na waya mwembamba. Katika hewa safi, oksijeni huganda juu ya chembe hiyo na kuzishika elektroni, hivyo umeme hupita kwa shida. Methani ifikapo, oksijeni ile hutumika, elektroni huachiliwa, na umeme hupita kwa wepesi. Kompyuta ndogo, isiyozidi kiganja cha mkono, husoma badiliko hilo na kupiga king'ora. Hadi hapo niliwapa alama zote.

Kisha likaja jaribio. Mmoja wao alitoa kiberiti cha gesi, kile cha kuwashia sigara, akakibonyeza pasipo kukiwasha, mdomo wake ukiwa umeelekezwa kwenye kihisi. King'ora kikalia, umati ukashangilia. Nikamuuliza ndani ya kiberiti hicho mlikuwa na gesi gani.

"Gesi, Mwalimu."

"Gesi gani, mwanangu?"

Akamtazama mwenzake. "Gesi tu."

Kiberiti kile kina butani, wala si methani. Oksidi ya bati haichagui sana: hushtuka kwa methani, kwa butani, kwa haidrojeni, hata kwa mvuke wa pombe. King'ora kilikuwa kimethibitisha kwamba waya zimeungwa sawasawa, basi. Juu ya methani hakikuthibitisha lolote. Nilipouliza kifaa kitatundikwa wapi jikoni, wakanijibu kwamba ni karibu na sakafu, maana ndivyo walivyosoma katika maelezo ya vigunduzi vya gesi vinavyouzwa madukani. Hapo ndipo nilipohisi kwamba suala hili limeingia katika shamba langu.

Katika mitaa yetu, neno gesi ni mtungi. Ukisikia "gesi imeisha", huulizi ni ipi. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, nazo ni nzito kuliko hewa: ukilinganisha molekuli kwa molekuli, hewa ni kama 29, propani ni 44, butani ni 58. Zikivuja hutambaa chini, na kigunduzi chake huwekwa chini. Methani ni 16. Hiyo hupanda darini. Kigunduzi cha methani kilichotundikwa karibu na sakafu kitanyamaza kwa utulivu mkubwa huku paa likijaa. Isitoshe, methani huweza kulipuka ikifika asilimia 5 ya hewa, ilhali propani na butani zahitaji kama asilimia 2 tu. Mahali ni tofauti, kizingiti ni tofauti. Jina ni lile lile.

Nisieleweke kwamba nakilaumu Kiswahili. Wasichana wale husomeshwa sayansi kwa Kiingereza, na Kiingereza nacho kina neno moja hilo hilo. Lilibuniwa katika karne ya 17 na Jan Baptista van Helmont, mwanakemia wa Flanders, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya vurugu. Ajabu ni kuwa van Helmont mwenyewe alikwisha kuzitofautisha gesi za aina kadha. Sisi tuliobaki tukachukua jina tukasahau tofauti. Na tangu usiku wa 1 Februari 2024, gesi ya mitungi ilipolipuka Embakasi, Nairobi, ikaua na kujeruhi watu zaidi ya 200, kila nizungumzapo na watu juu ya vigunduzi wao huwaza mtungi. Wana haki. Lakini jiko la bayogesi si mtungi.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hawana budi kulitilia maanani. Methani haina harufu. Mnamo Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi asilia ilivuja chini ya jengo la shule bila mtu kunusa kitu. Cheche moja ikawaangamiza wanafunzi na walimu wapatao 300. Baada ya hapo ndipo sheria ya Texas ilipoamuru gesi itiwe dawa inayonuka. Bayogesi yetu hunuka yai viza kwa sababu ya salfidi ya haidrojeni iliyomo. Hata hivyo, wengi huipitisha gesi katika vipande vya chuma chenye kutu ili meko yasiliwe, na harufu ile huondoka pamoja na salfidi hiyo. Kwa hiyo kifaa cha wasichana wale si mchezo wa maonyesho.

Kujaribu kwa haki hakuhitaji maabara ya kifahari. Kihisi kipya huachwa kiwake kwa saa 24 au zaidi kabla ya kuaminiwa. Chukua ndoo ya lita 10 yenye kifuniko, kihisi kikiwa ndani, mbali na moto na mwalimu akiwapo. Methani ya mililita 100 humo ni asilimia 1, yaani moja kwa tano ya kiwango cha mlipuko. Bayogesi ikiwa na methani asilimia 60, zatakiwa mililita kama 170, zinazopimwa kwa bomba la sindano. Kipimo hicho ni cha kukadiria, maana bayogesi hubadilika, lakini angalau gesi ni ile inayotajwa katika kichwa cha bango.

Karatasi ya alama niliyopewa ilikuwa na nafasi ya ubunifu, ya unadhifu na ya ufasaha. Nafasi ya kuuliza kifaa kimejaribiwa kwa nini haikuwapo. Niliiandika pembeni kwa kalamu, na sina hakika kama ilihesabiwa.

Majuma matatu baadaye rafiki yangu alinipigia simu. Wasichana wamefanya jaribio la ndoo, na king'ora hakikulia. Kizingiti walikiweka kwa kiberiti, na pumzi ya kiberiti kilichoelekezwa kwenye kihisi ni gesi nyingi isiyo na kipimo. Asilimia 1 ya methani haikukifikia kabisa. Sasa wamekishusha kizingiti, na kihisi kimepandishwa hadi kwenye boriti. Mpishi ameomba king'ora kisikike hadi nyumbani kwake.